Somo: Kuweka JAVA_HOME na Path kwenye Windows 10 na 11 ili kompaila ya Java ipatikane

Mtu aliyekwisha kusakinisha JDK, yaani kifurushi cha zana za kutengenezea programu za Java, akafungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika javac, ambalo ndilo jina la kompaila, mara nyingi hujibiwa kwamba amri hiyo haitambuliki, naye hudhani kuwa usakinishaji umeharibika na kuanza kuurudia. Kwa kawaida usakinishaji huo ni mzima. Windows haipekui diski nzima kila unapoandika jina la programu: katika dirisha la amri hutazama kwanza folda uliyomo, kisha folda zilizoorodheshwa katika kigeu cha mazingira (thamani yenye jina ambayo mfumo huitunza na programu huisoma) kiitwacho Path, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake, na ikikosa humo huacha kutafuta. Somo hili linaeleza namna ya kuingiza kompaila ya Java katika orodha hiyo, pamoja na kuweka kigeu cha JAVA_HOME, ambacho javac yenyewe haikihitaji, lakini zana za Java kama Maven na Gradle, za kujengea miradi, na Tomcat, ya kuendeshea programu za wavuti, hukitumia.

Hatua ya 1: Kuhakikisha kuwa kilichosakinishwa ni JDK

JRE, ambayo ni kifurushi kingine cha Java, ni ya kuendeshea tu programu zilizokwisha kukompailiwa, kwa hiyo haina javac. Fungua C:\Program Files\Java, utafute folda yenye jina kama jdk-21. Waliochagua Temurin, JDK inayotolewa na Eclipse Adoptium, wataikuta chini ya C:\Program Files\Eclipse Adoptium, na jina lake huwa refu zaidi kwa sababu hubeba namba kamili ya toleo. Ingia katika folda ya bin, uhakikishe kwamba javac.exe ipo, kisha rudi folda moja nyuma na unakili anwani iliyo kwenye upau wa juu. Kuiandika kwa mkono ni kukaribisha makosa. Ninatumia JDK 21, iliyotoka Septemba 2023, lakini hatua hazibadiliki kwa mwenye JDK 17.

Hatua ya 2: Kufungua orodha ya vigeu

Bonyeza kitufe cha Windows, andika "environment", chagua "Edit the system environment variables", kisha bofya "Environment Variables" upande wa chini. Utaona sehemu mbili: ya juu ni ya mtumiaji aliyeingia, na ya chini ni ya kompyuta nzima, ambayo huhitaji ruhusa ya msimamizi. Chagua moja na ufanye kazi yote humo. Sababu ni kwamba Windows huiunda Path ya mfumo kabla ya kuvisoma vigeu vya mtumiaji. Ukiweka JAVA_HOME juu na kuitaja katika Path ya chini, thamani yake haitapatikana, na utabaki ukitazama maandishi yaliyo sahihi yasiyofanya kazi.

Hatua ya 3: Kuunda JAVA_HOME

Bofya "New", andika JAVA_HOME mahali pa jina, na mahali pa thamani ubandike anwani uliyoinakili, kwa mfano:

C:\Program Files\Java\jdk-21

Thamani hii haiishii na bin, haina alama za nukuu hata kama anwani ina nafasi katikati, wala haimaliziwi kwa nukta mkato. Programu zinazosoma JAVA_HOME huongeza bin zenyewe.

Hatua ya 4: Kuongeza folda ya bin katika Path

Katika sehemu ile ile, chagua Path, bofya "Edit", kisha "New", uandike:

%JAVA_HOME%\bin

Hapa mpangilio una uzito mkubwa. Kisakinishi cha Oracle huweka katika Path folda iitwayo javapath, iliyomo chini ya C:\Program Files\Common Files\Oracle\Java, na ikiwa ipo juu ya mstari wako, Java itakayoitikia ni ile ambayo javapath inaielekeza, wala si uliyoikusudia. Tumia "Move Up" kuupandisha mstari wako. Usifute mistari mingine, hasa inayotaja C:\Windows\system32, kwa maana hata amri za kawaida zitakoma kupatikana. Bofya OK katika kila dirisha hadi yote yafungwe. Ukifunga kwa alama ya X, mabadiliko hayahifadhiwi.

Wapo wanaopendekeza kufupisha hatua hii kwa amri ya setx, ambayo huandika vigeu moja kwa moja kutoka dirisha la amri. Siishauri kwa Path: setx hukata thamani inayozidi herufi 1024, na ukiandika %PATH% ndani yake, Path ya mfumo na ya mtumiaji huunganishwa na kuandikwa mahali pamoja. Baada ya hapo, kurudisha orodha ya awali ni kazi ngumu.

Hatua ya 5: Kuhakiki

Fungua dirisha jipya la amri. Programu hupokea nakala ya vigeu inapoanza, kwa hiyo dirisha lililokuwa wazi litaendelea kushikilia thamani za zamani. Andika:

echo %JAVA_HOME%
where javac
javac -version
java -version

Amri ya kwanza ikirudisha maneno %JAVA_HOME% jinsi yalivyo, kigeu hakijawekwa. Ya pili huonyesha kila javac iliyopatikana, na iliyo juu ndiyo itakayotumika. Namba za matoleo katika amri mbili za mwisho zinapaswa kulingana.

Kuhusu CLASSPATH, kigeu kinachoiambia Java mahali pa kutafuta klasi, ambayo maelekezo mengi ya zamani huagiza iwekwe, iache. Isipokuwepo, Java hutafuta katika folda uliyomo, na hicho ndicho anachohitaji mwanafunzi. Ikiwekwa bila nukta inayowakilisha folda hiyo, programu iliyokompailiwa vizuri hukataa kuanza kwa madai kwamba klasi kuu haionekani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Nimefuata kila hatua, lakini echo %JAVA_HOME% inanirudishia maneno yale yale, na where javac haionyeshi kitu chochote, ingawa javac -version inajibu.

Jibu: Bila shaka unatumia PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, ambayo sarufi yake ni tofauti. Andika $env:JAVA_HOME kwa amri ya kwanza. Kwa ya pili andika where.exe javac, kwa kuwa humo neno where peke yake ni amri nyingine kabisa.

Swali: Programu inakompailiwa bila tatizo, lakini nikiiendesha napata UnsupportedClassVersionError, ikitaja 65.0 na 52.0. Nifanye nini, ndugu?

Jibu: Namba 65.0 ni ya Java 21 na 52.0 ni ya Java 8. Maana yake ni kwamba javac yako ni mpya ilhali java inayoendesha ni ya zamani. Andika where java, utazame iliyo juu, kisha upandishe mstari wako katika Path au uondoe Java 8 ikiwa hakuna programu inayoitegemea.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kompyuta za maabara ya chuo chetu hazituruhusu kugusa sehemu ya chini, na tayari ina Java ya zamani.

Jibu: Marahaba. Path ya mfumo husomwa kabla ya ya mtumiaji, hivyo sehemu ya juu pekee haitakutosha. Pakua JDK ya faili la zip, uifungue katika folda yako, na kila unapoanza kazi uandike amri hii katika dirisha la amri, ukiweka anwani yako:

set "PATH=D:\kazi\jdk-21\bin;%PATH%"

Athari yake huishia katika dirisha hilo.

Swali: Katika dirisha la amri javac inajibu, lakini ndani ya VS Code, kihariri ninachoandikia programu, haijibu.

Jibu: Funga VS Code yote, si sehemu yake ya amri tu, kisha uifungue upya.

Swali: Je, wa Ubuntu?

Jibu: Ukisakinisha openjdk-21-jdk kwa apt, javac hupatikana mara moja kupitia /usr/bin, kwa hiyo Path haihitaji kuguswa. Kwa ajili ya Maven na wenzake, ongeza mstari huu mwishoni mwa ~/.bashrc, kisha ufungue dirisha jipya. Kwenye kompyuta zisizo za amd64 (aina ya prosesa ya kawaida ya biti 64 ya Intel na AMD) mwisho wa anwani hubadilika:

export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-21-openjdk-amd64