Jinsi ya kushinda CSR Racing 2 bila kulipia hata shilingi: mwongozo kutoka Mwanza

CSR Racing 2, gemu ya mbio za magari ya kwenye simu, ilitoka mwaka 2016, na mpaka leo ukipita vijiwe vya Kirumba, Mabatini au Nyegezi hukosi kukuta vijana wameinamia simu wanapiga ligi. Gemu ni ya bure. Tatizo ni kwamba wengi wakifika Tier 2, yaani daraja la pili la magari, wanakwama, wanasema gemu inataka hela, wanaifuta. Nimewakalia wengi pembeni nikiangalia wanavyocheza, na karibu wote wana shida mbili tu: kidole hakijauzoea mshale unaoonyesha injini inavyozunguka, na gereji imejaa magari yaliyotengenezwa nusunusu. Mwongozo huu ni wa kutibu hizo mbili.

Hatua ya 1: Ipakue kwa akili

Gemu nzima inakula GB kadhaa. Ukishaipakua Play Store, ukiifungua inaendelea kushusha mafaili mengine, kwa hiyo usianze na bando la siku likakuishia njiani. Ngoja bando la usiku, au omba Wi-Fi kwa mtu, na simu iwe na chaji ya kutosha. Futa kwanza zile video za magrupu ya WhatsApp zilizojaza simu. Ikishakaa, data lazima iwe imewashwa muda wote, haichezeki bila mtandao.

Kabla hujakimbia hata mbio moja, iunganishe na akaunti yako ya Google. Hapa kwetu simu zinaibwa Buzuruga stendi na zinadondoka majini pale kivuko cha Kamanga, na inauma kuona mtu aliyehangaika miezi anaanza upya na gari la kwanza kwa sababu hakugusa kitufe kimoja. Na kama simu ni ya mzazi, ingia kwenye mipangilio ya Play Store uweke kwamba kila ununuzi udai nywila.

Hatua ya 2: Kuondoka

Hii gemu haina usukani wala kona. Ni mstari ulionyooka, robo maili au nusu maili. Robo maili ni mita 402, yaani kama mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Ndani ya umbali huo mfupi, aliyekosea kuondoka hana pa kufidia.

Taa zikianza kuhesabu, bonyeza pedeli uupandishe mshale wa injini, kisha achia na ubonyeze kidogokidogo ili mshale ukae kwenye eneo la kijani mpaka hesabu iishe. Usikanyage mafuta moja kwa moja hadi mwisho. Mshale ukiwa juu ya kijani, tairi zinazunguka palepale, moshi mwingi, gari haliendi. Ukiwa chini ya kijani, gari linaondoka kizembe. Ukipatia, skrini inakuandikia "Perfect".

Sasa kuna jambo ambalo gemu yenyewe haikufundishi. Gari likishakuwa na nguvu nyingi kuliko tairi zake, hata ukiondoka kwenye kijani bado tairi zitasaga. Gari la namna hiyo usilipige resi sana. Acha mshale uwe chini, wakati mwingine chini kabisa, ondoka taratibu, kisha ingiza gia ya pili mapema sana. Gia ya pili inapunguza nguvu inayofika kwenye tairi, nazo zinashika lami. Utaona umeandikiwa kwamba umewahi mno, lakini angalia muda wako mwisho wa mbio. Muda ndio unaoshinda, na maandishi hayo usiyajali.

Hatua ya 3: Gia

Hapa ndipo penye gemu yenyewe, na ndipo ninapotaka ukae muda mrefu zaidi.

Kwenye gia ya kwanza mshale unapanda haraka kupita kiasi. Ukisubiri uone kijani ndipo uguse kitufe cha gia, umeshachelewa, maana jicho linaona, ubongo unaamua, kidole kinashuka, na simu nayo inachukua muda wake kupokea mguso. Kwa hiyo gia ya kwanza kwenda ya pili uguse mshale ukiwa unakaribia kijani. Ya pili kwenda ya tatu unaweza kusubiri kidogo. Kuanzia ya nne mshale unapanda polepole, hapo sasa kosa la watu linageuka: wanawahi kwa woga. Tulia, acha uingie kijani.

Sikiliza pia. Injini ina sauti inayopanda, na kila gari lina mlio wake pale panapostahili kubadilisha. Kuna dogo mmoja anayebeba dagaa pale Mwaloni, anacheza na spika za masikioni na huwa hauangalii mshale kabisa, anaangalia gari la mpinzani. Kidole chake kinafuata mlio. Ila nilimwona siku moja gia zinamgomea, anagusa simu haisikii. Ilikuwa ni mafuta ya samaki kwenye kioo. Alifuta kioo na ncha ya fulana, akanawa mikono, gia zikarudi. Vidole vyenye mafuta, jasho au maji vinakuharibia mbio, na protekta iliyopasuka vilevile. Simu ya RAM ndogo nayo, funga programu nyingine zote kabla ya kucheza, kwa sababu ikiganda hata kidogo gia imekupita.

Fanya mazoezi kwenye mbio za majaribio, zile zilizoandikwa "Test Run". Hazili petroli, ile ya kwenye gemu inayopungua kila unapokimbia mbio. Wengi hawazigusi kwa sababu hazina zawadi, na petroli yao inaishia kwenye mbio za kushindwa.

Hatua ya 4: Nitro

Usibonyeze nitro, ile gesi inayoiongezea injini nguvu kwa muda mfupi, kwenye gia ya kwanza. Tairi bado zinahangaika kushika, ukiziongezea nguvu unaongeza moshi tu. Subiri gari lishike lami, mara nyingi ni gia ya pili au ya tatu, na uibonyeze mara tu baada ya kubadilisha gia ili upate nafasi ndefu kabla ya mabadiliko yanayofuata. Nitro ikiwaka mshale unakimbia kuliko ulivyozoea, kwa hiyo gia inayofuata uiwahi. Usiitunze mpaka mwisho pia. Ukivuka mstari nitro bado inawaka, umeitupa.

Hatua ya 5: Gari moja kwa kila Tier

Chagua gari moja la Tier uliyopo, ulitengeneze mpaka liwe kamili, likushindie mbio za Tier hiyo, ndipo ufikirie jingine. Najua linalovutia ni kununua. Lakini hela iliyogawanyika kwenye magari matano haimalizi hata moja.

Vipuri viko vya aina saba: injini, turbo, mfumo wa hewa, nitro, bodi, tairi na giaboksi. Mimi naanza na tairi na giaboksi, kisha injini, kwa sababu nguvu isiyofika barabarani haina kazi. Ukiona gari linasaga tairi sana, simama kununua injini, rudi kwenye tairi. Vipuri vya hatua za juu vinachukua muda kufika baada ya kuagizwa, na gemu itakushawishi ulipe dhahabu, ile sarafu yake adimu, ili vifike papo hapo. Usilipe. Agiza ukienda kulala. Dhahabu ni ngumu kupatikana kwa mchezaji wa bure, itunze kwa vitu ambavyo hela ya kawaida hainunui.

Yale masanduku yanayofunguliwa kwa funguo ni bahati nasibu. Yale ya bure fungua, ya kulipia achana nayo.

Hatua ya 6: Kuseti gari

Ukishaboresha vipuri vya kutosha, sehemu ya kuseti inafunguka: nitro, uwiano wa mwisho wa gia, na upepo wa tairi. Nitro unachagua kati ya nguvu nyingi kwa muda mfupi na nguvu kidogo kwa muda mrefu. Uwiano wa gia unachagua kati ya kuchomoka haraka na kasi ya juu. Seti ya robo maili haifai nusu maili, kwa sababu kwenye nusu maili gari linaweza kufika ukomo wa kasi kabla ya mstari.

Chukua karatasi. Kimbia mbio za majaribio mara kadhaa, andika muda. Sogeza kitu kimoja tu, kimbia tena. Tuseme ulikuwa sekunde 13.420, ukasogeza uwiano wa gia kidogo ukapata 13.371: endelea kusogeza upande huohuo mpaka muda uanze kurudi nyuma, kisha rudi hatua moja. Ukisogeza vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Seti za kunakili kwa mtu nazo ni za kuanzia tu, kidole chako hakibadilishi gia kama chake.

Hatua ya 7: Mbio za moja kwa moja

Huku unakutana na watu wa nchi nyingine, na mtandao unakuwa sehemu ya gari lako. Usiingie ukiwa ndani ya daladala inayopita barabara ya mawe ya Igogo, wala katikati ya ziwa ambako simu inatafuta mnara. Weka dau dogo mpaka uone simu inapokea miguso vizuri hapo ulipokaa. Mpinzani akiwa na gari kali kuliko lako, usibadilishe mpango kwa kumwangalia: ondoka kama ulivyofanya mazoezi na upige gia zako. Wengi wenye magari makali wanachoma tairi pale mwanzoni, na mita hizo za kwanza ndizo zako.