Kibuyu chirizi cha shule: namna ya kukijenga na kukifanya kidumu

Kibuyu chirizi ni kidumu cha maji kilichotundikwa kwenye nguzo, ambacho anayenawa hukiinamisha kwa kukanyaga mti uliofungwa kamba. Vingi vya shule hufa kwa kiu, wala si kwa kuvunjika. Ukizunguka nyuma ya vyoo utavikuta vimening'inia, nguzo bado imara, dumu limepauka kwa jua na ndani buibui ametanda. Siku ya ujenzi vilisimamishwa 20 kwa mkupuo, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Nani atateka maji Alhamisi, hakuna aliyeulizwa. Ndiyo maana hapa tunaanza na maji na zamu, msumari unakuja baadaye.

Kunawa kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Nyakati za kukazania ni mbili: mtoto akitoka chooni, na kabla hajashika chakula. Usiwapachikie watoto bango la nyakati kumi. Shika hizo mbili kwanza.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji kabla ya kukata mti

Kwenye kibuyu kilichotobolewa vizuri, mtoto hutumia takriban mililita 100, mradi asugue huku maji yamesimama. Shule ya wanafunzi 400 wakinawa mara mbili kwa siku ni lita 80. Weka na ya kumwagika, fanya lita 100, yaani madumu 5 ya lita 20. Shule isiyo na bomba wala kisima ikiwaambia watoto waje na chupa ya nusu lita kila mmoja, hizo ni lita 200, mara mbili ya mahitaji. Maji si lazima yawe ya kunywa, ila yawe meupe yasiyo na tope, na watoto waambiwe wazi kwamba ya kibuyu hayanywewi.

Idadi ya vibuyu inaamuliwa na foleni ya uji. Hesabu nusu dakika kwa mtoto. Vibuyu 10 kwa wanafunzi 400 ni watoto 40 kwa kila kimoja, dakika 20. Vikiwa vichache kuliko hapo uji unapoa, mwalimu wa zamu anaishiwa subira, na kinachofutwa ni kunawa. Kama una uwezo wa vibuyu 4 tu, waanze awali, darasa la kwanza na la pili. Wakubwa watasubiri vingine.

Hatua ya 2: Panga zamu, ibandike ukutani

Darasa la tatu hadi la saba ni madarasa 5, na siku za masomo ni 5. Kila darasa lichukue siku yake, lijaze vibuyu saa 1:30 asubuhi na kuongeza saa 3:30 kabla ya uji. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20, kwa hiyo darasa la tatu na la nne wabebe vidumu vya lita 5.

Mambo mawili huua zamu. La kwanza ni kuwaachia wasichana peke yao utekaji. La pili ni kuufanya adhabu ya wachelewaji: ndani ya wiki chache mtoto anakiona kibuyu kama fimbo, na anakikwepa hata mikono ikiwa michafu. Kiranja wa afya akague, mwalimu wa zamu aweke sahihi. Daftari liwe na safu nne tu: tarehe, vibuyu vyenye maji, vyenye sabuni, aliyekagua. Safu zikizidi, daftari halijazwi.

Hatua ya 3: Kusanya vifaa

Kwa kibuyu kimoja:
– kidumu cha lita 5 chenye mkono na kifuniko chake (cha mafuta ya kula kinafaa, kilichowahi kuwekwa dawa ya mimea au mafuta ya taa kisiingie shuleni kabisa)
– nguzo 2 zenye panda juu, kila moja mita 2
– mti mnyoofu wa mita 1 wa kulala juu ya panda, na mwingine kama huo wa kukanyagia
– kamba ya nailoni, mita 2 hivi
– msumari wa inchi 3, koleo, mshumaa
– kokoto, ndoo 2

Kamba ya katani inaoza ikikaa majini, ndiyo maana tumesema nailoni. Nguzo usikate mnyaa, hata kama ndio ulio karibu na uzio: utomvu wake unaunguza macho, na watoto watauchezea. Palipo na mchwa, choma ncha ya chini ya nguzo hadi iwe nyeusi sentimita 60. Haizuii mchwa milele, inachelewesha. Shule yenye fundi wa kuchomelea ikitumia bomba la chuma itasahau habari hiyo.

Hatua ya 4: Toboa na simamisha

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa sababu tundu hutobolewa kwa kukisia. Fanya hivi. Jaza kidumu robo tatu, kipitishe mti kwenye mkono wake, kining'inie kitulie. Chora mstari kwa kalamu pale maji yanapoishia, upande wa mbele wenye mdomo. Kimwage. Shika msumari kwa koleo, upashe kwenye mshumaa, toboa upana wa kidole kimoja juu ya ule mstari. Tundu likiwa chini ya mstari, maji yatachuruzika mchana kutwa. Likiwa juu mno, itabidi kidumu kipinduke kabisa ndipo yatoke.

Tundu liwe la unene wa msumari, usilizungushe ili lipanuke. Maji yatoke kama uzi wa mkeka. Yakitoka kama ya bomba, mahesabu ya hatua ya kwanza yamekufa.

Halafu toboa tundu la pili, dogo zaidi, juu kabisa nyuma ya mkono. Hilo ni la hewa. Wengi hulisahau, kisha wanashangaa kidumu kinapiga kwikwi: maji yanatoka, yanasita, yanatoka tena, kwa kuwa hewa inang'ang'ania kuingilia tundu lile lile maji yanakotokea.

Toboa kifuniko katikati, pitisha kamba, piga fundo kubwa kwa ndani, funga.

Sasa mashimo. Chimba mawili ya sentimita 50, umbali kati yake sentimita 70, simamisha nguzo, shindilia mawe na udongo. Ukitumia mita 2 nzima, panda itakuwa mita 1.5 juu ya ardhi. Hiyo ni ya watu wazima. Kwa darasa la tatu kwenda juu, punguza hadi sentimita 120. Kwa awali na darasa la kwanza, sentimita 90. Mtoto akinyoosha mikono juu kuliko kiwiko chake, maji yanarudi kwenye mikono ya sare, na mtoto aliyelowa sare asubuhi ya baridi hatarudi kesho.

Laza mti na kidumu chake. Funga ncha ya pili ya kamba kwenye mti wa kukanyagia ili upande wenye kamba uelee sentimita 15 juu ya ardhi, upande mwingine ukilala chini. Kanyaga. Kikanyagio kikigusa ardhi kabla kidumu hakijainama vya kutosha, kamba ni ndefu. Kidumu kikiwa kimeinama hata kabla hujakanyaga, ni fupi.

Chini yake chimba mraba wa sentimita 40 kwa 40, kina cha 10, jaza kokoto. Udongo wa mfinyanzi hautanywa maji upesi, hapo chimba mara mbili ya kina hicho. Tope likishajikusanya, wadogo hawasogei.

Mtoto wa kiti cha magurudumu hawezi kukanyaga. Mwekee ndoo ya lita 20 yenye koki, juu ya meza imara ambayo magoti yake yanaingia chini, kwenye njia isiyo na ngazi. Kila shule iwe nayo walau moja, hata kama leo haina mtoto huyo. Atakuja Januari.

Hatua ya 5: Sabuni

Kipande cha sabuni kilichotundikwa kwa kamba ndicho kinachochorwa kwenye vipeperushi vyote. Pwani, kunguru watakibeba kabla ya mapumziko. Bara atakuja panya, na penye mvua kitayeyuka kabla ya Ijumaa. Sabuni ya maji ya kujitengenezea ina ahueni kubwa: gramu 30 za sabuni ya unga, ambazo ni vijiko 3 vya chakula vilivyosawazishwa, kwenye chupa ya lita 1.5 ya maji. Weka unga kwanza, mimina maji taratibu, geuza chupa mara chache bila kuitikisa kwa nguvu, la sivyo utapata povu nusu chupa. Toboa kifuniko kwa sindano ya moto. Kubinya mara moja kunatoa kiasi cha nusu kijiko cha chai, kinachotosha mikono miwili.

Chupa moja inanawisha watoto 500 au zaidi kidogo. Shule yetu ya 400, mara mbili kwa siku, inahitaji chupa 2, yaani gramu 60 kwa siku, gramu 300 kwa wiki. Gawa kwenye chupa za nusu lita ili kila vibuyu viwili viwe na yao, na zirudi ofisini jioni. Kamati ya shule iipitishe sabuni kwenye bajeti ya muhula kama inavyopitisha chaki.

Usitie Jik kwenye kibuyu. Mara nyingi hufanywa kukiwa na tishio la kipindupindu, kwa nia njema, kwa kipimo cha macho. Sabuni na maji vinatosha kwa mikono. Klorini ya kubahatisha inachubua ngozi, na ngozi iliyochubuka haipendi kunawa.

Hatua ya 6: Ingiza kunawa kwenye ratiba

Dakika 20 kabla ya uji, darasa kwa darasa, mwalimu akiwepo. Lowesha, binya sabuni, sogea pembeni, sugua sekunde 20 pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha, rudi usuuze, kung'uta. Yule anayesugua pembeni anamwachia mwenzake nafasi ya kulowesha. Bila hivyo foleni haiishi. Kitambaa cha kufutia cha darasa zima kisiwepo, kinarudisha uchafu wote na kusambaza ugonjwa wa macho.

Kwa upande wa choo, mazoea hujengwa na njia. Kibuyu kiwe hatua chache kutoka mlangoni, upande wa kurudi darasani, mahali mtoto hawezi kupita bila kukiona. Katika shule mbili za msingi nchini Bangladesh, kwenye utafiti uliochapishwa 2016, walichora nyayo kutoka chooni hadi penye maji, na viganja penye sehemu ya kunawia. Waliokuwa wakinawa kwa sabuni walikuwa 4 katika 100. Kesho yake wakawa 68, na wiki sita baadaye 74. Kopo moja la rangi linafanya kazi hiyo.

Ijumaa mchana mwaga vibuyu vyote na uvifunge. Maji yaliyotulia bila kumwagwa ni kitalu cha mbu wa dengue, na waliokuwepo Dar es Salaam 2014 na 2019 wanajua dengue ni nini.

Nje ya shule

Kwenye nyumba ya kupanga yenye choo cha pamoja, kibuyu ni kile kile, ila zamu iende kwa vyumba na kidumu kiwe cha lita 10. Gereji na karakana zitumie ndoo ya koki, maana oili haitoki kwa uzi wa maji. Sabuni ya kipande na bakuli la maranda ya mbao ya kusugulia vinaitoa. Sokoni au kwa mama ntilie, ndoo iwe mezani mbele ya mteja. Ikikaa nyuma ya jiko itageuka ndoo ya kuoshea sufuria kufika saa sita.

Kujua kama wananawa kweli

Ukisimama na daftari penye choo, kila mtoto atanawa. Kaa darasani dirishani, hesabu 20 wanaotoka, andika waliogusa sabuni. Kipimo kingine hakidanganyi hata kidogo: angalia mfuko wa sabuni. Kwa shule ya 400 kilo moja inatakiwa iishe kwa wiki tatu na siku mbili hivi. Ikiisha kwa wiki moja, kuna mtu anafulia. Ikimaliza muhula, rudi hatua ya 2.