Una studio chumbani na nyumba imejaa watu? Anza na dari na mlango, trei za mayai achana nazo

Kama unatengeneza biti kwenu, au umepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji kibao, stori unaijua: kiki, ile ngoma nzito ya biti, inapiga, mama anagonga ukuta, mpangaji wa pili anapandisha TV, afu mwenye nyumba anakuja kuuliza kwa upole hii kazi inafungwa saa ngapi. Hapo wengi wanakimbilia trei za mayai na sponji za kubandika. Hela imeenda bure. Sponji inameza mwangwi wa mlemle ndani, vokali, yaani sauti za kuimba, zitarekodika vizuri zaidi hilo sikatai, ila sauti inayotoka nje haizuii, maana kinachozuia sauti ni uzito na kuziba matundu, na trei la mayai halina uzito wala halizibi kitu.

Ukuta wenyewe mara nyingi hauna kesi. Tofali la nchi 6 likipigwa plasta pande zote ni zito la kutosha. Shida iko juu. Nyumba zetu nyingi za bati kuta za vyumba zinaishia kozi chache juu ya lenta, kutoka hapo mpaka kwenye kenchi ni uwazi mtupu ambao nyumba nzima inashea, kwahiyo biti inapenya jipsamu yako, inatembea juu ya dari, inashuka chumbani kwa bibi kana kwamba ukuta haupo. Panda na tochi kwenye kifuniko cha dari uchungulie, ukiona moja kwa moja mpaka upande wa sebule basi ugonjwa umeupata.

Kabla hujanunua chochote fanya hivi usiku: zima taa ya chumbani, acha ya korido inawaka, funga mlango, afu angalia mwanga unaingilia wapi. Chini ya mlango, pembeni ya fremu, kwenye tundu la kitasa, kwenye ile nafasi fundi aliyoacha kati ya fremu na plasta. Panapopita mwanga sauti nayo inapita, na upenyo mdogo tu unaharibu kazi ya ukuta mzima. Afu weka biti kwa sauti unayofanyia kazi kila siku, nenda kalale kitandani kwa mama dakika tano. Sio kusimama mlangoni kwake, lala kabisa, kichwa kwenye mto, ndo utajua anachosikia.

Mlango sasa. Kama ni wa flashi, ule mwepesi ukiugonga unalia kama boksi, ongeza plaiwudi nzito ya mm 18 upande wa ndani, skrubu pande zote, na bawaba ya tatu maana mbili zitalegea. Pembeni weka raba za mlango, chini funga raba ya kuburuza au hata zulia lililokunjwa likabana vizuri, nyufa za fremu ziba na silikoni. Hii ndo kazi ya bei ndogo yenye faida kubwa kuliko zote na unaimaliza jumamosi moja. Dirisha la vioo vya luva usipoteze muda nalo, tengeneza kifuniko cha mbao chenye raba cha kupachika wakati wa kazi na kutoa ukimaliza.

Dari, kama nyumba ni yenu, dawa ya kweli ni kupandisha tofali mpaka kwenye bati, tofali zikae ukutani sio juu ya jipsamu. Ikishindikana ongeza jipsamu ya pili chini ya ile iliyopo, maungio yasikutane na yale ya mwanzo, na fundi aangalie kwanza fremu kama itabeba. Ila usitegemee miujiza: kuongeza uzito mara mbili kunapunguza kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, na sikio linataka kama 10 ndo liseme kelele imepungua nusu. Ukiwa umepanga unaweza kutandaza fibaglasi au rokiwulu, zile pamba za kuzuia joto na sauti, juu ya dari, inapunguza sauti za juu na za kati. Magodoro ya zamani usiweke kule, nyaya za umeme zinapita na sponji inashika moto haraka sana.

Halafu besi. Besi haisikii raba wala sponji. Wimbi la besi la hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7, chumba chako futi kumi kwa kumi, sasa utalizuia na nini? Hapa dawa ni kutoitoa. Sabwufa iondoe chumbani, kama unapiga singeli najua inauma lakini iondoe. Spika ndogo za nchi 5, zitoe mezani uziweke juu ya stendi au kipande cha sponji ngumu, zisigusane na ukuta. Ukiwa ghorofani hiyo ni lazima, maana mtikisiko unashuka na zege mpaka kwa jirani wa chini. Kazi nyingi fanyia kwenye hedifoni zilizofungwa nyuma, zile za wazi zinavuja na maiki itanasa biti kwenye vokali.

Na kuna jambo watu hawalisemi: kinachowachosha wa nyumbani sio ukubwa wa sauti tu, ni kusikia vipande vilevile vya biti vinajirudia saa nzima na sneya yako, ile ngoma kali ya "pa", haijakaa sawa. Wimbo mzima mama anaweza hata kuupenda. Kwahiyo kutafuta sauti, kukata sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa), kurekebisha kiki, yote hedifoni. Spika washa ukiwa na kitu cha kusikiliza mwanzo mwisho.

Vokali ndo zinapigiwa kelele kuliko zote, hasa msanii akija na wapambe watatu. Tumia maiki ya dainamiki, ile kama ya jukwaani, mdomo uwe karibu, na mpandishie sauti yake mwenyewe kwenye hedifoni, asipojisikia atapiga kelele tu hata ufanyeje. Kabati lililojaa nguo nyuma yake linasaidia rekodi. Na joto la Dar chumba kikizibwa hivyo, feni imezimwa, hamtamaliza nusu saa, rekodini kidogokidogo na mlango ufunguliwe katikati.

Muda mpange na watu wenyewe. Vokali mchana wengi wakiwa kazini, adhana na sala zote kimya, tamthilia ya mama iheshimiwe, mwenye mtoto wa darasa la saba akikwambia wiki ya mtihani usibishane. Na kwenye LUKU ya kushea changia zaidi ya wenzako bila kusubiri kuambiwa, maana kuna malalamiko ya kelele ambayo ukichimba ni ya umeme. Nje ya nyumba pia kuna NEMC, wasimamizi wa mazingira, na kanuni za kelele.

Ukitaka kusikia besi kwa ukweli, weka wimbo kwenye flashi uende nao kwa mshkaji mwenye gari au kinyozi mwenye spika kubwa, saa kumi jioni.