Daktari, kabla hujapanda kizimbani na PF3

Samansi humkuta daktari yuko zamu, na aghalabu mgonjwa mwenyewe alimwona miaka miwili iliyopita. Usianze kwa kutafuta suti. Tafuta faili, soma ulichoandika siku ile, kisha ulinganishe na PF3, yaani fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeruhi, uliyowajazia polisi. Vikipishana hata tarehe tu, mwambie mwendesha mashtaka mapema, maana wakili wa utetezi ataliona.

Kwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, ya mwaka 1967, shahidi wa kawaida hueleza alichoona na kusikia. Mtaalamu huruhusiwa kutoa maoni, iwe ni kuhusu sayansi, mwandiko au alama za vidole. Koti jeupe peke yake halikupi ruhusa hiyo. Eleza kwanza umesomea wapi, una miaka mingapi kazini, na majeraha ya namna ile umeyapima mara ngapi.

Sasa fomu yenyewe, na hapa ndipo ninapoumia. Mtu ameandika "kaumizwa na kitu butu", basi. Hakimu hakuwepo chumba cha matibabu. Mchubuko wa sentimita 3 juu ya kiwiko cha kushoto, umevimba, bado mwekundu: hayo ndiyo yatakayomwonesha, na maoni yako yatasimama juu yake. Hakimu hafungwi na maoni hayo. Asipouona msingi wake, atayaweka kando. Tena usiandike "amebakwa". Hilo huamuliwa na mahakama.

PF3 haisomwi kabla ya mahakama kuipokea kama ushahidi. Ikishakuwa kielelezo, lazima isomwe kwa sauti mshtakiwa asikie. Mahakama ya Rufani imeziondoa nyingi kwenye kumbukumbu kwa sababu hazikusomwa, au kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe amhoji. Karatasi ikiondolewa, yanabaki maneno uliyoyatamka. Kwa hiyo usiseme "kama nilivyoandika kwenye fomu" ukanyamaza. Yaeleze yote kwa kinywa chako, kwa Kiswahili, ambacho tangu 2021 ndicho lugha ya mahakama kisheria, na mshtakiwa asiye na wakili aweze kukufuata.

Kwenye dodoso, yaani maswali ya upande wa utetezi, utaulizwa kama jeraha lile lingeweza kutokana na kuanguka. Kama lingeweza, kubali, kisha ueleze kwa nini alama ulizoziona zilikupeleka kwenye maoni uliyoyatoa.