Csound, Pure Data, SuperCollider: namna ya kupima kama kila moja ina sauti yake

Csound ni kavu, Pure Data inakwaruza, SuperCollider ni nene. Wanaojifunza kutengeneza sauti kwa kompyuta huyashika maneno haya kabla hata hawajaifungua programu yenyewe, na vijana ninaowafundisha hapa Mwanza huja nayo yakiwa yameshakuwa imani. Jibu langu huwa moja: tupime. Kazi inamalizika jioni moja, programu zote tatu ni za bure, na hata Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti tutakayolinganishia, ni ya bure.

Zote ni za ukoo mmoja. Mwaka 1957 Max Mathews alitoa sauti kwa kompyuta pale Bell Labs, Marekani, na programu zake za MUSIC ndizo zilizozaa mtindo wa kuunganisha vifaa vidogo vidogo: hiki kinatoa wimbi, kile kinachuja, kingine kinapandisha na kushusha sauti. Csound ya Barry Vercoe, iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980, imefuata mtindo huo. Pure Data ya Miller Puckette na SuperCollider ya James McCartney, zote za 1996, vilevile. (Csound hiyohiyo inayoitwa kavu ndiyo iliyoendesha TamTam, programu ya muziki ya vilaptopu vya XO walivyogawiwa watoto wa shule Rwanda.) Hesabu ya wimbi la kawaida ni ileile kokote, kwa hiyo tofauti tuitafute kwingine.

Kwanza sawazisha mazingira. Kasi ya sampuli, yaani idadi ya vipimo vya wimbi kwa sekunde, iwe 44100 kwa zote. SuperCollider kwa kawaida hufuata kadi ya sauti, na kadi nyingi za laptopu zimewekwa 48000, basi ibadilishe huko. Rekodi faili la WAV la floti ya biti 32 (namba zenye desimali). Kwenye Csound andika `0dbfs = 1` juu kabisa; usipoandika, kilele kinahesabiwa kuwa 32768 na ukubwa wako wa 0.3 hautasikika. Zima pia ile mipangilio ya kompyuta inayodai kuboresha sauti. Na kila mara linganisha kwa ukubwa uleule: sauti iliyozidi hata desibeli moja, sikio huiita nzuri zaidi badala ya kuiita kubwa zaidi. Nusu ya ubishi ninaousikia unaishia hapa.

Sasa toa sine, wimbi laini lisilo na vizidisho, ya hezi 440. Csound: `poscil 0.3, 440`. SuperCollider: `SinOsc.ar(440, 0, 0.3)`. Pure Data: `osc~ 440` kisha `*~ 0.3`. Angalia jambo moja: `osc~` huanzia kileleni, hizo nyingine huanzia sifuri. Tuma 0.75 kwenye tundu la kulia la `osc~` wakati uleule unaoanza kurekodi, na zote zitaanza pamoja.

Ingiza rekodi mbili Audacity, vuta karibu mpaka uone nukta za sampuli, zipange zianze nukta moja, kata sekunde moja tu. Chagua mojawapo, bonyeza Invert (inaligeuza wimbi juu chini), halafu zichanganye ziwe wimbi moja. Kilichofanana kinafutika, kinachobaki ndicho tofauti. Kwa sine utabakiwa na kitu kidogo mno. Yakiwa chini ya sauti ya asili kwa desibeli 60 au zaidi, hayo mabaki kwa kawaida yana masafa yaleyale ya sauti yenyewe na yanafunikwa nayo kabisa. Ukiona yanakua polepole kadiri wimbi linavyokwenda, ni kwamba programu moja imekadiria masafa kwa tofauti ndogo sana mbali huko kwenye desimali. Ndiyo maana nasema sekunde moja.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda. Toa wimbi la msumeno la hezi 3000. Kwenye Pure Data chukua `phasor~ 3000`, toa 0.5 ili likae katikati, punguza ukubwa. Kwenye Csound tumia `vco2 0.3, 3000`. Sikiliza kwa hedifoni, moja baada ya nyingine. Hapa hata asiyewahi kugusa kinanda atakwambia zinatofautiana: `vco2` ni filimbi safi yenye ukali, `phasor~` ina sauti nyingine chini yake, nzito, isiyopatana na noti.

Hiyo ya chini ina hesabu yake. Msumeno una vizidisho vya 3000: 6000, 9000, hadi 21000. Kinachofuata, 24000, kimevuka 22050, yaani nusu ya kasi ya sampuli, na hakiwezi kuhifadhiwa kama kilivyo. Kinakunjika kurudi chini: 44100 kutoa 24000 ni 20100. Endelea hivyohivyo. Cha 14 ni 42000, kinatua 2100. Cha 15 ni 45000, kinatua 900. Fungua Plot Spectrum, mchoro wa masafa ndani ya Audacity, na utavikuta vimesimama palepale, chini ya noti uliyoiandika. `vco2` imetengenezwa isizidishe kupita mpaka. `Phasor~` kazi yake hasa ni kusoma jedwali, haijali mpaka.

Lakini usikimbilie kuilaumu Pure Data. Ndani ya SuperCollider weka `Saw.ar(3000)` kisha `LFSaw.ar(3000)`. Ya kwanza ni safi, ya pili inakwaruza vilevile. Programu ni moja, kifaa ndicho kilichobadilika. Na ukilifanya jaribio hili kwa 48000 utadanganyika, kwa sababu 48000 inagawanyika kwa 3000 bila baki na vyote vinavyokunjika vinaangukia juu ya vizidisho halali. Hapo tumia 3100.

Vichujio navyo vipime hivyohivyo kwa kelele nyeupe, yaani mvumo wenye masafa yote kwa nguvu sawa. `lop~` ya Pure Data hushusha desibeli 6 kwa kila oktava, `LPF` ya SuperCollider 12. Ukiweka zote zianze kukata hezi 1000, kufika 8000 moja imeshusha kama 18, nyingine 36. Anayesema Pure Data inang'aa mno mara nyingi amelinganisha hivi viwili. Unganisha `lop~` mbili mfululizo, mteremko utakaribiana.

Bahasha ya sauti, yaani namna inavyopanda na kushuka, isisahaulike. Csound yenye `ksmps = 64` hubadilisha thamani za k (za udhibiti) mara 689 tu kwa sekunde, na mpando wa haraka unasikika una mikwaruzo. Itoe bahasha kwa kasi ya a, inayobadilika kwa kila sampuli.

Mahali ninapokubali kwamba kila programu ina ladha yake ni kwenye vichujio vya kuiga Moog, sintesaiza ya zamani: `bob~` ya Pure Data, `MoogFF` ya SuperCollider, `moogladder` ya Csound. Kila mtunzi alichagua njia yake ya kukokotoa, na ukiipandisha resonansi, yaani mkazo kwenye masafa ya kukata, kila kimoja kinalia kivyake. Hapa kufuta mawimbi hakusaidii. Mwombe mwenzio akuchezee bila kukutajia, chagua unachokipenda, ndipo uulize jina. Faili ziandike kwa jina la kifaa na namba zake, mfano `bob_1000_44100.wav`, neno Pure Data peke yake halitakukumbusha ulichokisikia.