Ukungu ukikukuta juu ya Fairfield

Ukipanga kuzunguka Fairfield Horseshoe, njia ya miguu inayopita vilele kadhaa vya milima kule Lake District, Uingereza, usiache dira hata kama asubuhi jua linawaka. Ukipandia kilele cha Low Pike kutoka mji wa Ambleside, ukuta wa mawe unakuongoza hadi kilele cha Dove Crag, kwa hiyo huko si rahisi kupotea. Kazi iko kileleni pa Fairfield yenyewe, mita 873. Pale juu ni tambarare pana yenye marundo ya mawe huku na huku, na upande wa kaskazini kuna magenge ya miamba, ya hatari kweli. Ukungu ukishuka, usifuate tu rundo lolote unaloliona. Simama, shika dira, elekea kusini hadi Great Rigg, kilele kinachofuata. Uelekeo huo upime kwenye ramani mapema, kabla upepo haujakutia ganzi vidoleni.