Somo: Kumgandisha winga anayekimbia, mipangilio ya kamera kwa mechi za jioni

Somo hili ni la wenye kamera ya kawaida na lenzi ya 70-300, au hata ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, wanaokwenda kwenye mechi za ndondo (mpira wa mtaani) na kurudi na picha ambazo mguu wa mfungaji umekuwa moshi mtupu. Wengi mnailaumu lenzi. Mara nyingi lenzi haina kosa: shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, imekaa wazi muda mrefu mno.

Piga hesabu kidogo. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde, ukimpiga kwa shata ya 1/60, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde, anasogea sentimita 13 kabla shata haijafunga. Kwa 1/1000 anasogea milimita 8 tu. Mguu unaopiga mpira unakwenda kasi kuliko mwili, na mpira ndio usiseme: shuti la kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo hata kwenye 1/1000 mpira unahama sentimita mbili na nusu.

Hatua ya 1: Kasi ya shata

Zungusha gurudumu la juu mpaka M (hapo unapanga mwenyewe), kisha weka 1/1000. Anzia hapo kila siku, hata kabla ya kutazama mwanga ukoje. Mchezaji anayekuja usoni kwako unaweza kumpiga kwa 1/500, maana kwenye fremu hahami sana. Anayekatiza mbele yako pembeni mwa uwanja ndiye anayedai 1/1000 na zaidi. Ukitaka mpira wenyewe usimame angani mpaka mishono yake ihesabike, panda 1/2000, ila uwe na jua la kutosha.

Hatua ya 2: Tundu la lenzi

Lifungue lote, yaani chagua namba ya f iliyo ndogo kuliko zote. Lenzi nyingi za 70-300 zikivutwa mpaka mwisho huishia f/5.6. Mwanga unaongezeka, na zile bodaboda zilizoegeshwa nyuma ya goli zinafifia.

Hatua ya 3: ISO

ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Iache kamera ipange ISO yenyewe, lakini iwekee kikomo cha 6400. Hapa ndipo watu wanaponibishia: picha itajaa chenga (vidoadoa)! Ni kweli, itakuwa na chenga. Chenga zinapunguzwa na programu ya kuhariri, na ukiitazama picha kwenye simu huzioni. Uso uliovurugika kwa mwendo hautengenezeki tena.

Saa kumi na nusu, jua likiwaka, utaona ISO inacheza kati ya 200 na 400. Huku kwetu karibu na ikweta jua halichelewi kuzama, na kipindi cha pili kikifika katikati ISO itakuwa imeshagonga kikomo. Utajua kwa kuwa picha zinaanza kuwa nyeusi. Hapo shuka 1/640, halafu 1/500, na uishie hapo. Badala ya kushuka zaidi, chagua matukio. Anayeruka kupiga kichwa anafika juu kabisa, na pale juu kuna nukta ambayo mwili wake karibu umesimama. Hiyo hata shata ya 1/250 inaiweza.

Hatua ya 4: Fokasi

Fokasi ya kawaida inashika mara moja na kujifunga; mchezaji akisogea hatua mbili, imeshapitwa. Unataka inayofuata: kwenye Nikon na Sony ni AF-C, kwenye Canon ni AI Servo au Servo. Kamera ya zamani yenye kioo, tumia nukta moja ya katikati na uiweke kifuani pa mchezaji. Ukiiachia kamera ichague nukta, itapenda sana wavu wa goli na watazamaji.

Bonyeza kitufe nusu mapema, mfuate mtu wako, kisha piga mfululizo mfupi wa picha tatu au nne. Kaa jua likiwa mgongoni, piga goti. Basi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, lenzi yangu ina VR. Si inatosha kuzuia mtikisiko?*

VR, IS au OSS inatuliza mikono yako wewe. Mchezaji haimhusu, ataendelea kukimbia.

*Ticha, natumia simu tu. Nifanyeje?*

Tafuta hali ya Pro kwenye programu ya kamera na uweke 1/1000 vilevile, ukitumia lenzi kuu. Usivute kwa vidole. Sogea karibu na mstari. Kama simu haina Pro, piga mchana kweupe, maana penye mwanga mwingi simu yenyewe huharakisha shata.

*Nikipiga mechi ya usiku chini ya taa, picha moja inatoka njano, inayofuata ina giza, na sijagusa kitu!*

Taa nyingi zinapepesa bila jicho kuona. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/1000 inanasa kipande tu cha mpepeso huo. Angalia kwenye menyu kama kamera ina kipengele cha kuzuia mpepeso, ukiwashe. Kama haina, utachambua baadaye. 1/100 ingeondoa tatizo, ila wachezaji wangerudi kuwa moshi.

*Kamera inapiga picha chache halafu inagoma, nasubiri.*

Unapiga RAW (picha ghafi isiyobanwa kama JPEG), sivyo, dada? Faili ni kubwa na kadi inazimeza polepole. Kwa mpira piga JPEG, na ukibadilisha kadi nunua yenye kasi kubwa ya kuandika.

*Mimi nataka kinyume: bodaboda ionekane kali lakini barabara iwe mistari.*

Shusha shata mpaka 1/60, au 1/30 mkono ukishazoea. Simama pembeni mwa barabara, geuza kiuno ukimfuata dereva kwa mwendo wake, piga huku unageuka, na usisimame baada ya kubonyeza. Mchana kweupe itabidi uzime ISO auto uiweke 100, na ubane tundu mpaka f/16. Nyingi zitaharibika, ni kawaida ya mtindo huo.